Sakafu Inayopumua

Gari lilirudi gereji likivutwa kwa kamba. Kipanga alikuwa kwenye usukani, kofia ya mbio bado kichwani, kama mtu anayeogopa kutambuliwa. Dada yake alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi hadi viwiko. Kabla gari halijasimama alishasikia kitu kilichokatika kikigongagonga huko chini kila gurudumu lilipozunguka.

"Ekseli tena," alisema.

"Ekseli tena," Kipanga akaitikia. "Kona ile ile, dada. Natoka, nakanyaga mafuta, paa! Gari likabaki linanguruma pale pale kama ng'ombe aliyegoma."

Ilikuwa ya tatu msimu huo. Ekseli ndiyo inayochukua nguvu kutoka kwenye difu, lile boksi la gia la nyuma, na kuifikisha kwenye gurudumu. Ikikatika, injini itapiga kelele hadi ikauke koo na gari lisisogee hata unyayo. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mashindano ya kufunga msimu. Meneja wa timu kubwa alikuwa amesema atakuja kutazama, achague dereva mmoja wa kuondoka naye. Kwa Kipanga hakukuwa na mwakani. Meneja alishamwambia bila kupindisha maneno kwamba mwakani anatafuta vijana. Ili achaguliwe ilibidi kwanza amalize mbio, na gari alilokuwa nalo ni hilo moja, la viti viwili, lenye pua ndefu, ambalo baba yao alilijenga upya kipande kwa kipande mpaka kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia.

Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya meza ya kazi. Alitazama kamba ikifunguliwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Shikamoo mzee wangu," alisema Cheche, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, aliyekuja kuvuta gari kwa lori lake na sasa hakuwa na haraka ya kuondoka. "Mimi naona ekseli zinamwogopa huyu mwanao. Hata mimi nikimwona anavyotoka kona ile, nasikia kiuno kinakatika."

"Marahaba," Mzee alijibu kwa ulimi mzito, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu.

"Si ekseli zenyewe ni za magumashi!" Kipanga alifoka. "Tutafute nzuri, basi, yaishe."

Dada yake alikuwa amekwisha kulala chini ya gari.

Alianza mbele akielekea nyuma, kama Mzee alivyomfundisha, kwa sababu fundi anayeanza pale anapopashuku huona kile anachotaka kuona. Klachi ilishika vizuri bila kuteleza. Gia ziliingia zote bila kusaga. Propela, lile bomba refu linalopita katikati ya gari, aliishika kwa mikono miwili akaisokota, haikucheza. Akamwaga oili ya difu kwenye beseni, akapitisha sumaku ndani yake. Ilitoka na vumbi laini la kijivu, lile la siku zote, bila kipande hata kimoja cha jino la gia. Mwisho akachukua ekseli iliyokatika, akaifuta kwa tambara na kuipeleka mwangani.

"Njoo uone," alimwita mdogo wake. "Chuma kikichoka huacha miduara miduara, kinakatika kidogo kidogo. Hiki kimesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Hakikuchoka. Kimepigwa."

"Kimepigwa na nani?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Wakafunga ekseli ya akiba, wakaliegesha gari juu ya shimo la ukaguzi, wakalifunga minyororo mbele na nyuma kwenye ndoano za sakafuni ili lisiende popote. Dada, fundi wa gereji hiyo, akashuka shimoni na tochi. Kipanga akakaa kwenye usukani, akaweka gia ya kwanza, mguu mmoja kwenye breki, na kuanza kuachia klachi taratibu.

"Achia kidogo! Haya, rudisha. Achia tena!"

Ndipo akaona. Kila klachi iliposhika, pua ya difu iliinuka. Haikuinuka peke yake, iliinuka na bati la sakafu ilipofungiwa. Klachi ilipokanyagwa tena, bati lilishuka. Sakafu ya gari ilikuwa inapanda na kushuka juu ya kichwa chake kama kifua cha mtu aliyelala. Basi hiyo ndiyo nyundo. Kipanga akitoka konani na kukanyaga mafuta, difu lilipanda kwanza, likafika ukomo, na hapo nguvu yote ikaiangukia ekseli kwa mpigo mmoja.

Akamulika boliti zinazoshika difu. Zote zilikuwa na alama nyekundu, na hakuna iliyokatika.

Katika gereji hiyo kila mtu alikuwa na rangi yake. Mzee nyekundu, yeye kijani, Kipanga njano. Ukimaliza kukaza boliti unachora mstari mmoja unaovuka nati na kushuka kwenye bati. Nati ikizunguka hata unywele, mstari unakatika na kila mtu anaona. Alama ikiwa nzima, kazi ya mwenzako huigusi. Kuifungua ilikuwa sawa na kumwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo. Na tangu Mzee augue, alama zake nyekundu zilikuwa zimepata heshima zaidi. Kila wiki mmoja wao alishuka shimoni, akazimulika, akasema "Za Baba ziko sawa," akasogea mbele.

Fundi akapanda kutoka shimoni, akaenda kuchuchumaa mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Baba, naomba nifungue difu."

Mzee alimtazama. "Alama... imekatika?"

"Haijakatika."

"Basi?"

"Nati haijasogea, Baba. Bati lililoshika nati ndilo linalosogea."

Mzee aliinamisha macho, akauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza vizuri pajani kana kwamba unamsumbua.

"Fungua," alisema.

Difu liliposhushwa, kila mmoja aliona bila kuonyeshwa. Kutoka kwenye tundu la boliti ya mbele ulianza ufa, ukagawanyika, ukatambaa chini ya rangi nyeusi hadi urefu wa kiganja. Boliti, nati na bati la kuizunguka vilikuwa vimeshikana barabara, pamoja na mstari wao mwekundu. Vilikuwa vimebanduka kwenye gari vyote pamoja. Wiki baada ya wiki walimulika alama, na ufa ulikuwa pembeni yake tu.

"Tulikuwa tunaangalia rangi," Kipanga alisema kwa sauti ndogo.

Cheche aliingia kazini bila kuombwa. Fundi alitoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, akakata mabamba ya chuma, akayapinda kufuata umbo la sakafu. Cheche akashusha kinyago na kuchomelea. Alizoea kuimba akifanya kazi. Safari hii hakuimba.

"Dada fundi," alisema hatimaye, akipandisha kinyago, "bati hili limekuwa karatasi. Nachoma hapa, linapasuka pale. Nikiongeza moto linayeyuka, nikipunguza halishiki."

"Fanya unavyoweza, kaka."

Alifanya. Jioni ya Alhamisi gari lilisimama tena kwa magurudumu yake, na Kipanga alilizungusha uani, gia ya kwanza, ya pili, kisha akalikanyaga mara moja kwa nguvu. Vumbi lilitimka. Akashuka anacheka, akamwinua dada yake juu kama mtoto.

"Umesikia lilivyovuta? Wewe ni mchawi, nakwambia, mchawi!"

Dada naye alicheka, kwa sababu alitamani iwe kweli. Lakini alikuwa amesikia pia mlio mdogo, kama kijiti kikivunjwa ndani ya sanduku. Gari liliporudishwa juu ya shimo, akashuka peke yake. Mabamba yalikuwa imara. Ufa ulikuwa umeyazunguka, ukaingia kwenye boriti ya ndani, na boriti hiyo ndiyo iliyoshika mikanda ya kiti cha dereva.

Alikaa shimoni muda mrefu akitafuta namna. Boriti haikufikika bila kukata nusu ya gari. Dawa pekee ilikuwa bodi jipya, na bodi la gari kama lile lilikuwa limekwisha kutoweka duniani. Alipopanda, Kipanga alimsoma usoni.

"Usiniambie."

"Haliendi, mdogo wangu."

"Litaenda. Ekseli ikikatika, ikatike."

"Siongelei ekseli. Ukigonga ukuta, mkanda unang'oka na kiti."

"Sijawahi kugonga ukuta."

"Difu likikufia katikati ya kona utagonga."

"Dada, siku moja tu. Nitaendesha kama nimebeba mayai."

"Wewe? Mayai?" Alijaribu kutabasamu. "Ukiona tu mgongo wa mwenzako utayasahau hayo mayai."

Kipanga hakutabasamu. "Unajua nini? Hujawahi kutaka niondoke hapa. Nikienda, wewe utabaki na nani wa kumlea?"

Maneno yalimwingia kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Alikuwa amewaza, zaidi ya mara moja, jinsi gereji itakavyokuwa bila vurugu za mdogo wake: yeye, kiti cha plastiki na ukimya. Aliwaza hivyo, kisha akaenda kumnolea kila kitu ili ashinde. Yote mawili yalikuwa kweli, wala hakujua amwelezeje.

Ijumaa Kipanga aliondoka kwenda kujiandikisha. Aliaga kwa upole uliozidi kiasi. Haukupita muda Cheche akaingia, akisuguasugua kiatu chake sakafuni.

"Dada fundi, mimi si mmbea. Lakini ameniomba lori, kesho alfajiri, la kuvuta gari hadi uwanjani. Akasema usiambiwe. Nimeshindwa kumeza."

"Ukimnyima?"

"Atapata lingine. Malori si yangu peke yangu."

Fundi akaenda ukutani, akachukua grenda ya kukatia chuma, akavaa miwani.

"Hilo usinitume mimi," Cheche alisema haraka. "Jana tu nimechomelea hapo. Mkono hautafika."

"Sijakutuma."

Alimgeukia Mzee. Alitaka amkataze, au amruhusu, chochote, asibaki peke yake na jambo lile. Mzee alimtazama, akalitazama gari. Kisha akaanza kukigeuza kiti chake kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Kiti kikakwaruza sakafu hatua kwa hatua hadi uso wake ukaelekea ukutani. Alipokwisha kugeuka, fundi akashuka shimoni na kukata mikono miwili ya chuma inayoshikilia difu. Cheche alibaki mlangoni, mgongo kwao. Difu lilianguka kwenye mbao alizokuwa ametanguliza, kwa kishindo kilichotikisa spana zilizotundikwa.

Kipanga alirudi na karatasi ya namba mkononi. Alichungulia shimoni, akaiweka karatasi juu ya boneti, akainyoosha kwa kiganja, akatoka.

Jumamosi alikwenda uwanjani na kofia yake mkononi, akaomba gari kila kibanda. Nani angempa mtu gari siku ya mashindano? Cheche ndiye aliyeleta habari kwamba Kipanga alitazama mbio zote akiwa amesimama kwenye uzio, na kwamba meneja aliondoka na kijana mwingine, mzuri tu, asiyemzidi Kipanga kwa lolote.

Alasiri Kipanga aliingia gereji. Dada yake alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kipanga alivuta winchi ya mnyororo inayoning'inia kwenye boriti ya paa, akaipeleka hadi juu ya kiti cha dereva, akaifunga mikanda ya kiti na kuitia ndoano.

"Unafanya nini?"

"Si ulisema itang'oka."

Akaanza kuvuta. Mnyororo ukakaza. Mikanda ikakaza, ikatetemeka kama uzi wa gitaa. Fundi alishika mpini wa fagio kwa mikono miwili na kungoja. Alijikuta anaomba, na alipogundua anachoomba aliona aibu, kwa sababu alikuwa anaomba ing'oke.

Kipanga alivuta tena, jasho likimtiririka. Sakafu ililia. Gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi, kisha la pili. Gari lilining'inia kwa mikanda ile, likayumba kidogo, likatulia. Hakuna kilichong'oka.

"Umeona?" alisema.

Aliona. Alijua pia kwamba kuvuta polepole si sawa na kugonga ukuta kwa kasi, kwamba chuma kinachobeba uzito kikiwa kimetulia chaweza kukatika kama biskuti kikishtuliwa. Alikuwa na maelezo yote hayo, yamekaa mdomoni. Lakini mbio zilikuwa zimekwisha kupita bila gari kuifika kona ile, na hakuna jaribio lolote, katika gereji hiyo wala nyingine, ambalo lingeonyesha kingetokea nini.

"Kipanga..."

"Usiseme, dada. Nakuomba tu usiseme."

Aliachia mnyororo, akapangusa mikono kwenye suruali. Akapita kando ya kiti cha Mzee, ambaye hakugeuka, akatoka. Hatua zake zilisikika uani, kisha barabarani, kisha hazikusikika.

Gari lilikuwa bado linaning'inia. Lisingeweza kuachwa hivyo hadi asubuhi. Fundi aliegemeza fagio ukutani, akashika mnyororo, akaanza kulishusha peke yake, kidogo kidogo, pingili moja baada ya nyingine.