Aliswali

Pasta Hilaire aliweka karatasi zetu mbili juu ya meza ya ofisi yake, moja kando ya nyingine. Ulikuwa mtihani wa Kiswahili bora: kutafsiri kutoka Kifaransa habari za Danieli kule Babeli. Mimi na Aicha tulisimama mbele yake bila kutazamana.

"Sentensi kumi na mbili, neno kwa neno," akasema. "Hata virgule, ile koma yenye haina kazi, yote mbili iko nayo. Nani alikopia?"

Akanitazama mimi kwanza.

"Émérence, weye sikuulize. Papa yako anahubiri kule mtaa wa Kikula miaka makumi mbili, tunamujua." Akamgeukia mwenzangu. "Aicha, tulikupokea hapa kwa shule ya kanisa bila kuuliza dini yako. Njo vile unaturudishia ile wema?"

"Sina na kitu ya kusema, Pasta."

"Basi. Siku ya kwanza ya juma conseil ya walimu itakaa. Mwenye kukopia anafukuzwa, ni règlement ya shule."

Nje nilimfuata Aicha mpaka kwenye ngazi. "Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Binti ya pasta alikopia binti ya Mansour wa duka? Watacheka mpaka kule Kakontwe." Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya. "Weye njo uko na kinywa yenye wanasikia."

Ni kweli nilikopia. Kifaransa nakijua, lakini Kiswahili changu ni cha barabarani, na siku ile mkono uliganda. Baba alikwisha kuwaambia waumini kwamba binti yake atafundisha Kiswahili cha Biblia. Aicha alikuwa amekaa mbele yangu. Tangu utoto alisoma kwa mwalimu wa msikitini, na kalamu yake haikusimama. Nafikiri alijua kwamba natazama. Hakuficha karatasi.

Nilirudi ofisini kabla miguu haijabadili nia.

"Ni minye, Pasta. Minye njo nilikopia."

Akatabasamu, na tabasamu lile likaniumiza kuliko hasira. "Najua roho yako, mama. Lakini usibebe zambi ya mwingine. Enda kwenu."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Ningeweza kutoka na kuitwa mwema, na Aicha afukuzwe. Nilitamani, sitaficha. Lakini karatasi zilikuwa bado mezani, na macho yangu yakaangukia mstari wa nne wa karatasi yangu. Nikaweka kidole.

"Usome hapa."

"Danieli aliswali mara tatu kwa siku." Akasoma tena, polepole. "Aliswali."

Katika kanisa letu tunasali. Kwao Aicha wanaswali. Ni herufi moja tu, nayo ilikaa pale katika mwandiko wangu wa mviringo, ule ambao Pasta mwenyewe alikuwa akiusifu.

"Darasa yote waliandika alisali," nikasema. "Ile neno ya kwao, minye nilichora tu."

Pasta akageuza karatasi yangu kifudifudi, kama mtu anayefunika kitu.

"Papa yako anajua?"

"Bado."

"Umuambie leo. Ao kesho minye nitamuambia."

Aicha alikuwa langoni. "Alikuamini?"

"Aliona ile w."

Akacheka kidogo. "Mutoto wa pasta. Ungejua kusali, ungeitoa." Nikacheka pia, lakini tulipoagana hakunishika mkono kama siku zote. Alivuka barabara peke yake, na sikuthubutu kumwita.

Nyumbani, jua lilikuwa bado halijazama. Mama alikuwa ameweka bukari, ugali wetu, mezani, inafuka moshi. Baba alirudi kutoka kutembelea wagonjwa, amechoka, amefurahi kuniona. Akanawa, akainamisha kichwa.

"Émérence, utuombee leo weye."

Wote wakafumba macho. Nilimtazama Baba, mvi zake, mikono yake iliyokunjwa vizuri juu ya meza.

"Papa," nikasema, "ufungue macho kwanza."