Mkono wa Ewald Grabmoser

Mkono mmoja haulei mwana, lakini unatosha kumfungia mlango. Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, wa Ewald Grabmoser, na ulipanda Alhamisi baada ya chakula cha mchana, katika baraza la jimbo, wajumbe wakiwa bado wananuka supu ya madonge ya ini. Hoja ilikuwa kufunga wodi ya wazazi ya Eisgraben, bondeni kwetu, na kuwapeleka wajawazito katika hospitali kubwa ng'ambo ya mlima. Ilipita kwa kura moja. Mikono yote ikashuka isipokuwa wa Ewald.

"Mheshimiwa Grabmoser, tumeshahesabu," Spika alisema.

"Najua."

"Basi ushushe."

"Haushuki."

Spika aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye hoja ya leseni za uvuvi. Ewald alihesabiwa miongoni mwa walioziunga mkono, na muda mfupi baadaye akahesabiwa miongoni mwa waliozipinga.

Kabla ya hapo alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha chuma, kisha mwakilishi wa wafanyakazi, kisha meya wetu. Utepe wa wodi ile aliukata yeye. Alipogombea ujumbe wa baraza la jimbo alisimama katika ukumbi wa wazima moto, akatuambia kwamba hakuna mtoto wa Eisgraben atakayezaliwa barabarani maadamu yeye yu hai. Tulipiga makofi, bendi ikapiga. Baadaye chama chetu, cha wafanyakazi, kiliingia serikalini pamoja na wahafidhina, na wahafidhina walikuja na masharti yao, kufunga wodi likiwa mojawapo. Wajumbe wa chama hunyanyua mikono pamoja. Anayeuacha wake mezani hurudishwa kiwandani, na kiwanda kilikuwa kimeshauzwa.

Daktari wa mji mkuu wa jimbo alimpiga picha za mifupa asione kitu. Alisema ameshawahi kuona mikono miwili ya namna hiyo, mmoja wa askofu na mmoja wa mkurugenzi wa benki, na yote ilishuka siku wenyewe walipoomba radhi. Aliandika "kuomba radhi" kwenye karatasi ya dawa, akapiga muhuri.

Ewald alikuwa mjane, akiishi na binti yake Marlies, mshonaji. Marlies alifumua mishono ya mkono wa kulia wa kila koti la baba yake, akaweka vifungo kuanzia kwapani hadi kiganjani, na kila asubuhi alipanda kigoda akamfunga kimoja kimoja. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Baba wa mtoto alikuwa amerudi kwao Linz kabla kiangazi hakijaisha.

Bonde lilizoea. Katika baa ya kituo cha reli, mhudumu Traudi alimletea bia kila alipomwona.

"Traudi, sijaagiza."

"Mkono umeagiza."

"Nimekunywa tatu."

"Basi uambie huo mkono wako. Mimi nafuata nachokiona. Wewe si ulisema nyie wa chama mnaheshimu mkono?"

Watu walicheka. Ewald alicheka pia, akanywa.

Kwetu mtoto akizaliwa, majirani husimamisha mbele ya nyumba korongo wa mbao, ndege tunayewaambia watoto kwamba ndiye huleta vichanga, mrefu kama mlango, amebeba kitambaa mdomoni na jina la mtoto kifuani. Shimo la nguzo huchimbwa mapema, kabla ardhi haijaganda. Wenzake Ewald wa zamani wa kiwandani walimchonga korongo wa Marlies katika karakana, wakampaka rangi, wakaandika Valentin, kwa kuwa jina alikuwa ameshalichagua.

Uchungu ulimshika Februari, theluji ikianguka. Gari la wagonjwa lilipanda mlima polepole. Kwenye kona ambapo malori hufunga minyororo ya theluji magurudumuni, lori moja lilikuwa limelala katikati ya njia, na mtoto hakungoja. Dereva alipiga simu bondeni kwamba mtoto wa kiume amezaliwa. Hakukosea: Valentin alilia, akashika kidole cha mama yake. Njia ilipofunguliwa na gari likafika kwenye handaki la barabara, alikuwa ameacha kupumua. Mkunga wa mwisho wa bondeni alikuwa amehamishiwa ofisi ya bima, na lile gari halikuwa na mashine ya kumsaidia mtoto mdogo kiasi kile.

Wenzake Ewald walikuwa wameshapokea simu ya kwanza. Walimsimamisha korongo, wakamwaga mchanga, wakafungua bia. Marlies aliporudi, alimkuta mbele ya nyumba na theluji mgongoni. Hakuna aliyemwondoa. Desturi yetu ni kwamba korongo hukaa mwaka mzima, kisha huondolewa na waliomsimamisha, kwa karamu. Desturi haisemi lolote kuhusu jambo lile lingine.

Siku ya mazishi Ewald alitaka kulibeba jeneza mwenyewe. Lilikuwa jeupe na jepesi. Alilikumbatia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa juu, na kwenye mteremko wa makaburini likaanza kuteleza. Marlies, ambaye alikuwa bado anatembea kwa shida, alishika upande wa pili. Walifika hivyo. Chama kilileta shada lenye utepe mwekundu ulioandikwa "Urafiki", kama tunavyosalimiana chamani.

Uchaguzi ulifanyika vuli. Mpiga picha wa kampeni alimsimamisha mbele ya mlima, akamwambia hana haja ya kumfundisha jinsi ya kupunga. Picha ilibandikwa hadi kwenye kituo cha treni. Ewald alipata kura nyingi kuliko awali. Iliyokuwa wodi ya wazazi ikawa chumba cha mazoezi ya mgongo kwa wastaafu, na wanaokwenda wanasema ni pazuri, pana mwanga.

Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyekuja kumwondoa korongo. Mei Mosi Marlies alipanda kigoda kama kawaida. Nje bendi ilikuwa inajaribu matarumbeta. Alimfunga baba yake vifungo kuanzia kwapani, akambandika ua jekundu kifuani, lakini kile cha mwisho, cha kiganjani, hakukifunga.

"Baba, daktari alikuandikia dawa."

"Najua alichoandika."

"Sisemi kwa ajili ya mkono. Mkono nimeshauzoea. Nataka kulisikia hilo neno tu, mara moja, hapa jikoni. Sitamwambia mtu."

Ewald alitazama dirishani. Korongo alikuwa amepauka, lakini jina lilikuwa bado linasomeka.

"Yule alikuwa mjukuu wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Nililia mpaka macho yakavimba, uliniona."

"Nilikuona. Kulia ulilia. Hilo lingine hukulisema."

"Marlies, ule mkono ulikuwa wa chama. Nikisema hilo neno utashuka, na ukishuka kila mtu atajua kwamba hata siku ile ningeweza kuuacha mezani."

"Mimi nalijua hilo tayari, Baba."

Matarumbeta yalinyamaza, kisha yakaanza wimbo wa maandamano. Marlies alifunga kifungo cha mwisho, akashuka kigodani, akasimama akingoja.

"Siombi radhi," Ewald alisema. "Nipe kofia."