Moyo wa Nyuma ya Shuka

Siku tatu tu za mafunzo kule Kindu, na mwalimu Hervé alirudi Kasongo akitembea kama mtu aliyeitengeneza barabara mwenyewe. Alikuja na projekta katika sanduku jeusi. Prefe Assumani, mkuu wa shule, akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya walimu wote: biolojia ya darasa la sita, lile la mtihani wa taifa, itatoka kwa Apolline iende kwa Hervé. Alhamisi inspekta atasikiliza somo la moyo, kisha atatia sahihi fomu ya kumthibitisha.

Apolline alikuwa amelifundisha darasa hilo miaka kumi na mmoja, kwa moyo wa mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa sokoni. Sasa aliambiwa nyama inanuka, si sayansi ya leo. Maneno hayo yalimchoma. "Debe tupu haliachi kuvuma," alijisemea, na Alhamisi asubuhi akapita sokoni kama kawaida yake.

Madirisha yalizibwa kwa maturubai, jenereta ikanguruma nje. Hervé alitundika shuka katikati ya chumba, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video mtaani ili watu waenee: nusu ya darasa mbele, nusu nyuma. Apolline aliketi nyuma ya shuka, jasho likimtoka, na picha ilipowaka tu akaliona kosa. Alinyamaza makusudi. Mdomo wa Hervé umponze mwenyewe.

Maandishi ya picha yalififia, hakuna aliyeweza kuyasoma. Basi Hervé akapaza sauti: "Ventrikali ya kushoto, ile inasukuma damu mu mwili yote, iko kwa mukono yenu ya kuume. Muandike!"

Wakachora, wakaandika. Fomu ya inspekta ilikuwa imeshajazwa, jina la Hervé likingoja sahihi tu. Kwa kutimiza desturi, inspekta akaita wanafunzi wawili na madaftari yao: Djuma wa mbele, Faridah wa nyuma. Wote wawili walikuwa wameandika neno lilelile upande wa kuume, lakini mioyo waliyoichora ilipeana mgongo kama majirani walionuniana.

"Ya nani iko sawa?" inspekta akauliza.

Hervé aliligeuza daftari la Faridah, akaligeuza tena. Prefe akasema labda ni jenereta.

Apolline alicheka waziwazi. Akasimama, akafungua jani la mgomba alilotoka nalo sokoni, akaupasua moyo wa mbuzi kwa kisu.

"Faridah, mwanangu, funga macho. Binya hapa, na hapa. Wapi iko munene?"

"Huku, madamu. Kule iko laini."

"Ile inatuma damu mbali ndiyo iko na nguvu. Ni ya kushoto, ukae mbele, ukae nyuma. Nyuma ya shuka picha inageuka, moyo haigeuke."

Inspekta naye akabinya kwa kidole gumba. Akakipangusa kwenye shuka, akakata jina la Hervé na kuandika la Apolline.

"Na mashine, je?" Prefe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mashine ibaki, Prefe. Yenyewe iko na kosa gani?" Apolline alifuta kisu chake taratibu, kisha akamgeukia Hervé. "Bwana Hervé, kesho saa mbili tunaanza tena hii somo. Ukae kule nyuma, pamoja na wale ulifundisha moyo ya kinyume."