Mvua ya Bafuni

Mwalimu mstaafu Kimanzi alikuwa bandarini Kilifi, akisubiri dhoruba ipite. Hivyo ndivyo ilivyojulikana nyumbani kwao Waithaka, pembeni mwa Nairobi, na hivyo ndivyo kanisa lilivyomwombea Jumapili. Kwa kweli alikuwa ameketi kitandani katika gesti moja ya River Road, katikati ya Nairobi hiyohiyo, akisikiliza kipaza sauti cha muuza sumu ya panya huko chini, na nje jua la Septemba lilikuwa likiwaka bila haya.

Safari aliitangaza mwenyewe, mbele ya madhabahu: angesafiri kwa tanga peke yake kutoka Kilifi hadi Lamu. Alikuwa amejifunza kuendesha mashua Naivasha, katika ziwa ambalo tishio lake kubwa ni kiboko, na katika miaka yake yote ya kufundisha jiografia alikuwa amechora mishale ya pepo za kusi na kaskazi ubaoni. Mishale ile haikuwahi kumrushia maji. Alipofika kwenye mlango wa hori, pale mkono wa bahari unapofunguka na maji kubadilika rangi, mashua ya kuazima iliinuka juu ya wimbi la kwanza, ikashuka, ikainuka tena, naye akaigeuza. Hapakuwa na dhoruba. Hata wingu la kusingizia halikuwepo.

Aliirudisha mashua kwa mwenyewe, akamwandikia mkewe kwamba hali ya hewa imechafuka na amelazimika kungoja bandarini, kisha akapanda basi la Nairobi akiwa na nia ya kwenda moja kwa moja nyumbani kuyasema yote. Jibu la Munyiva lilimfikia njiani: akina mama wa kanisa wamefunga kwa ajili yake. Ni vigumu kwa mtu kubisha hodi kwake wakati watu wamekaa na njaa kwa sababu ya wimbi moja. Aliposhuka mjini, miguu ilimpeleka gesti.

Stellah, aliyeshika funguo pale mapokezi, alimdhania kuwa mmoja wa wazee wanaotoka mashambani kuuguza jamaa zao hospitalini Upper Hill. Kila asubuhi alimuuliza, "Mzee, mgonjwa anaendelea aje?" Na Kimanzi, ambaye katika enzi zake aliwatoa wanafunzi darasani kwa uongo mdogo kuliko huo, alijibu kwamba hajambo kidogo.

Kisha mwanawe Musili akapiga simu. Muuza sumu alikuwa amepandisha sauti, akiwataja panya wa kila namna. Kimanzi alikimbilia bafuni, akafunga mlango, akafungulia maji ya bafu yote ili yafunike kelele za mji. Musili alimweleza kwamba Mwongeli, mkewe, amejifungua mvulana wa pili kwa upasuaji. Mama na mtoto wako salama, wamelazwa Upper Hill. Kutoka kwenye paa la gesti kilima hicho kilionekana waziwazi.

"Baba," Musili akauliza, "hiyo ni mvua?"

Kimanzi aliyatazama maji yakizama kwenye tundu la sakafu. "Ndiyo. Haijakatika tangu jana."

Musili alisema, bila kejeli yoyote, kwamba simu yake inaonyesha jua pwani nzima. Kimanzi akamjibu kwamba simu haijawahi kwenda baharini. Hapo Munyiva akachukua simu, akasikiliza maji.

"Baba Musili, usithubutu kutoka hapo bandarini," akasema hatimaye. "Mtoto atakungoja."

Jioni ujumbe wake ukaingia. Mjukuu wa kwanza alikuwa tayari amepewa jina la babu, Kimanzi, kama desturi inavyotaka. Huyu wa pili angepewa jina la hali iliyomkaribisha duniani, na kwao mwenye kulitoa ni nyanya. Asubuhi angemwita Wambua, aliyezaliwa wakati wa mvua. Nairobi ilikuwa kavu, hilo alilijua, lakini mvua iliyomzuia babu asifike aliisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kimanzi aliusoma ujumbe ule hadi mwanga wa simu ukazima. Uongo wa awali ulikuwa wake, na angeweza kuzikwa nao. Huu ungeitwa kwenye paredi ya shule, ungesomwa kanisani siku ya harusi. Aliamua kwamba lazima afike kabla Munyiva hajafungua kinywa.

Alfajiri alinyoa ndevu. Hakuoga, bafu hakulitazama. Stellah alipomuuliza habari za mgonjwa, alikaa akaagiza chai, kana kwamba swali lile lilihitaji muda. Kisha akasimama kitambo kirefu karibu na stesheni ya reli, chini ya kilima, akiitafuta sentensi ya kwanza. Alitunga nyingi, zenye sarufi safi, na kila moja ilianza na bahari kuchafuka. Alipopanda kilima hatimaye, hakuwa na hata moja.

Munyiva alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Mwongeli, mtoto mikononi. Alimtazama mumewe kuanzia viatu, vilivyokuwa na vumbi, hadi uso.

"Umefikaje?"

"Usimpe hilo jina, Mama Musili."

"Nimeshampa. Umefikaje?"

"Kwa miguu. Nilikuwa River Road."

"Na ile mvua?"

"Bafu."

Musili aligeukia dirishani. Mwongeli aliangalia shuka lake kwa makini, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa kufanya. Kimanzi aliwaeleza mengine kwa ufupi: hori, wimbi, basi, gesti. Kisha akaomba jina libadilishwe. Munyiva alisema kwamba jina likishatoka kinywani mwa nyanya halirudi. Hajawahi kusikia mtoto aliyepokonywa jina, wala hataanza na huyu.

"Akina mama nitawaambia mimi mwenyewe, maana hutaweza," akaongeza. "Lakini huyu akipata akili atauliza mvua ilinyesha wapi. Wewe ndiye utakayemjibu. Mimi sitakusaidia."

Akamwekea mtoto mikononi. Nje, jua lilikuwa limefika kwenye vioo vya majengo ya ofisi, na anga halikuwa na doa. Mtoto akaanza kulia. Kimanzi alitaka kumbembeleza kwa jina lake, akafungua kinywa, jina likamkwama.