Kamba Mlangoni kwa Mwinyimvua

Jioni ile Daktari Leodegar, Mzungu wa misheni, alibakiwa na kazi moja tu Kariakoo kabla ya gari moshi la kesho yake asubuhi: kumuaga Mwinyimvua, muuza nazi. Mkewe, Winifrida, alikuwa misheni huko bara, mimba imefika mwezi wake. Mimba ya kwanza alijifungua mtoto mfu, mumewe akiwa safarini akichanja watu. Safari hii daktari aliapa kwamba atakuwepo.

Ndui ilikuwa imeingia mjini tangu masika. Misheni ilimleta daktari kusaidia, serikali ya Mwingereza ikampa askari na madaraka, naye akapita nyumba kwa nyumba kutoka Gerezani hadi Mchafukoge akiwa na amri mbili. Ya kwanza: nyumba yenye ndui inafungwa kamba mlangoni, na aliyemo hatoki mpaka hatari ipite, isipokuwa awe na kovu jipya la chanjo. Ya pili aliitoa ili apatane na wazee wa mji: hakuna mtu wa afya atakayefunua pazia la mjane anayekaa eda.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomponza.

Mwinyimvua alimpokea ukumbini, lakini hakumkaribisha kukaa. Alisimama katikati kama kabati.

"Kahawa hakuna, Bwana Daktari. Sukari nayo imekwisha. Basi, safari njema."

"Leo unanifukuza?"

"Nikufukuze kwani wewe kuku? Nakuaga."

Nyuma ya pazia la chumba cha mwisho mtu akakohoa. Chumba kile alikuwamo Saadiya, dada yake Mwinyimvua, aliyefiwa na mume.

"Nani yule?"

"Mjane. Na ulisema mwenyewe, pazia la mjane halifunuliwi."

"Mjane anakohoa kwa sauti ya mwanamume?"

"Ana mafua."

"Kaka, acha upuuzi!" Saadiya alisema kutoka ndani. "Daktari, nimekwisha jifunika. Ingia. Muhiddin ananifia humu."

Muhiddin alikuwa mdogo wao. Ndugu wa tumbo moja anaruhusiwa kuingia kwa mjane, bwana afya haruhusiwi. Kwa hiyo ndiko walikomficha. Daktari akaingia bila kufikiri, akapiga magoti, akamwinua kichwa anywe maji. Uso mzima ulikuwa malengelenge. Muhiddin akapaliwa, akamkoholea usoni.

"Fikirini!" daktari alimwita askari wake wa afya, aliyekuwa akingoja barazani na sanduku la safari. "Ndui. Funga kamba."

Fikirini akafunga kama alivyozoea, mafundo mawili. Daktari akanawa mikono kwa dawa, akachukua kofia yake, akaja mlangoni.

"Haya, nipishe."

Fikirini hakuondoka. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Bwana Daktari," alisema, akiangalia chini. "Kovu."

Mwinyimvua akacheka, kicheko kibaya. "Ndiyo, kovu! Pandisha mkono wa shati tuone. Mimi ulinipandishia sokoni, mbele ya wateja wangu."

Daktari akapandisha. Kovu lilikuwepo, la utotoni, limefifia hata halionekani vizuri. Kila siku pale sokoni alikuwa akiwaambia watu kwamba kovu kama hilo halimlindi mtu tena. Yeye mwenyewe alikuwa hajajichanja upya. Dawa ilikuja kidogo, watu walikuwa wengi, na kila jioni alisema kesho.

"Mimi ni daktari."

"Na mimi ni muuza nazi. Ndui inajua tofauti?"

"Mwinyimvua, mke wangu anajifungua!"

Kisha Kijakazi, bibi wa nyumba ya ng'ambo ya njia, akasema kwa sauti, "Mwacheni apite. Kamba ya Mzungu ina mlango wa Mzungu. Tulijua toka zamani."

Daktari akaishika kamba. Fikirini asingemzuia, na hakuna mwingine ambaye angethubutu. Lakini masika ileile, Gerezani, alikuwa amemwona mwanamke mwenye mimba aliyepatwa na ndui. Walimzika na mtoto tumboni. Aliyemletea ugonjwa ni mumewe, aliyerudi kutoka safarini, mzima kabisa ukimtazama.

Akaiachia.

"Sanduku lirudishe. Nenda Posta umpelekee mke wangu simu ya maandishi. Mwambie siji."

"Na sababu, bwana?"

"Ndui. Ataelewa."

Hakuwa na hakika kama ataelewa. Akafungua mkoba, akajichanja mwenyewe, mkono wa kushoto, watu wote wakimtazama. Mwinyimvua akamtandikia mkeka ukumbini.

"Mto sina," alisema. "Kahawa ipo. Nilikudanganya."

"Karibu eda, Daktari," Saadiya alisema nyuma ya pazia. "Ila sisi wengine tulifiwa kwanza."

Daktari alikunywa kahawa yake akiutazama ukuta.

Asubuhi Kijakazi alisimama mlangoni kwake muda mrefu, akiitazama ile kamba na Mzungu aliye nyuma yake. Mwisho akaita, "Fikirini! Njoo ufunge na kwangu. Mjukuu wangu yumo ndani, anaungua."

Daktari akaruka hadi mlangoni. "Malengelenge yametoka?"

"Yamejaa usoni!"

"Mpe maji, kidogo kidogo! Asijikune!"

"Hamezi! Njoo umwone, si uko hapo tu!"

Njia ile ilikuwa nyembamba, hata mkokoteni ulipita kwa shida. Daktari aliishika tena kamba, kwa mikono yote miwili.

"Siwezi, bibi."

"Huwezi?"

"Siwezi. Mloweshee kitambaa, umkamulie mdomoni. Nitakuelekeza kutoka hapa."

Upande wa Gerezani gari moshi likapiga mluzi. Ndani Muhiddin akaanza tena kukohoa. Daktari hakugeuka. Alikuwa akipiga kelele kuvuka njia: siyo hivyo, bibi, mgeuze ubavu, mgeuze ubavu kwanza.