Kanga ya Mama na Kiwele cha Zabibu

Maziwa ya ng'ombe wetu Zabibu yalitoka na mabonge, kama uji uliokatika. Chuchu moja ya nyuma ilikuwa imevimba, ya moto, na nilipoigusa alinipiga teke dogo, kama anayeomba radhi.

"Huyu ni wa bucha," alisema mjomba Leonard. "Tena mapema, kabla hajakonda."

Zabibu alizaliwa mikononi mwa mama yangu, hapa hapa Mgeta. Mama alipofariki niliacha shule darasa la tano, nikarithi kukamua. Kanga yake nayo ilibaki bandani. Kila asubuhi Bibi aliilowesha kwenye maji ya vuguvugu, tukafuta viwele vya ng'ombe wote watatu, tukianza na Zabibu.

"Wakisikia harufu ya mama yako wanaachia maziwa," alisema.

Severin, bwana mifugo, alipanda kilima akihema. Alikamulia kwenye kisahani chenye vikombe vinne, kila chuchu na chake, akatia dawa ya kupimia. Maziwa ya kikombe kimoja yakavutika kama kamasi.

"Bakteria. Nitamtibu, Bibi, lakini wakirudi, Leonard atakuwa na haki. Mnafutia nini viwele?"

"Maji tu," alisema Bibi.

Kanga ilikuwa kwenye kamba nyuma yake, ikichuruzika. Mimi ni mtu ambaye hata hodi huipiga kimoyomoyo. Nilimtazama Zabibu, akacheua.

"Kanga," nikasema. "Hiyo moja. Wote watatu."

"Loo! Kumbe binti ana sauti!"

Severin alicheka, kisha akaeleza taratibu: vijidudu vya mgonjwa hupanda kwenye kitambaa, vikashukia kwa mwenzake. Kila ng'ombe awe na chake, kichemshwe, na mgonjwa akamuliwe mwisho.

Bibi aliitwaa kanga, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilidhani hatanisemesha tena.

Chuchu ile haikurudi kutoa maziwa. Zabibu anakamuliwa tatu mpaka leo, na mjomba, anayekunywa chai ya maziwa yake kila Jumapili baada ya misa, hajataja tena bucha.

Jioni ya siku ile aliyokuja Severin, Bibi alitoka na mkasi. Kanga alikwisha kuichemsha, akaianika mpaka ikakauka. Aliikata vipande vinne, bila kuniangalia.

"Bibi, ng'ombe ni watatu."

"Kwani mimi sijui kuhesabu?" alisema, akanivuta karibu, akanifunga cha nne kichwani.