Kitanda Kilichotoka Ukutani

Kabla jogoo hajawika, kitanda cha chumba cha pili kililia. Nyii, kikanyamaza. Nyii tena, taratibu, kama kinaogopa kusikika. Nyumba ya Frednand pale Nemba ni ya tofali, lakini kuta za ndani hazikufika juu, kwa hiyo mgeni husikia hata mtu wa chumba cha pili akijikuna. Nilivuta blanketi nikafunika masikio, nikatabasamu gizani. Nikajisemea moyoni kwamba nimeitwa bure.

Aliyeniita ni mama yake Frednand, Ildefonsa. Alinipigia simu mpaka Nyakisasa, akaeleza kwa heshima zote kwamba mjukuu wangu Kaneza anamgeuzia mumewe mgongo. Ndoa ilikuwa haijamaliza miaka miwili, mtoto hajaonekana, na kijana ameanza kukonda. Kwetu mambo ya kitandani msichana hafundishwi na mama yake, hufundishwa na shangazi. Kaneza hana shangazi aliye hai, ndiyo maana nikajifunga kitenge nikapanda basi mimi bibi yake. Siku hiyohiyo Kaneza naye alinipigia. Alisema maneno machache tu. “Bibi, ukirudi Nyakisasa tunarudi wote. Nguo zangu nimeshazifunga.”

Sasa mtu aliyefunga nguo zake, na kitanda kinalia alfajiri? Nilimshukuru Mungu, nikalala tena.

Kulipokucha Ildefonsa aliniletea uji huku anapiga chafya. Ndipo nilipojua kwamba blanketi zito nililojifunika lilikuwa lake, na yeye alilala na vitenge viwili. Hakulitaja. Nasema hili mapema, hakuwa mama mkwe mbaya.

Mimi na Kaneza tulikaa nyuma ya jiko kumenya mihogo. Nikamtania, nikamwambia kile kitanda chao kinaimba vizuri tu, sasa hizo kesi zinatoka wapi? Alinitazama, hakuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Halafu kicheko kikageuka kilio, akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo wa mihogo.

“Bibi, hiyo ilikuwa ni mimi natoka kwenda bombani.”

Hapo inabidi nieleze. Kwetu mke hulala upande wa ukutani. Mume hulala ukingoni, karibu na mlango, ili chui au mwizi akiingia amkute mwanamume kwanza. Na mke haruki miguu ya mumewe. Wazee walisema akiiruka, mume ataishiwa nguvu. Kwa hiyo mwanamke akitaka kuamka huteleza chini, chini, mpaka miguuni, atokee mwisho wa kitanda kama mbuzi anayepenya kwenye ua. Nami nililala hivyo miaka yote ya ndoa yangu. Chui waliisha, sisi tukabaki ukutani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mlinzi anaendelea kulala na anayelindwa ndiye anayetoka gizani na dumu.

Kaneza alinihesabia siku yake. Maji, kufagia, uji, shamba, kuni, mihogo, chakula, vyombo. Hakulalamika kwa sauti, alisema tu huku anamenya. Nikamuuliza kama anampenda mumewe.

“Nampenda, Bibi. Nampenda sana saa nne asubuhi, tukipumzika shambani, ananichumia mahindi mabichi. Usiku ukifika nimeshakufa. Ananigusa bega kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.”

Nikamuuliza kama mumewe amewahi kumuuliza yeye anataka nini. Kaneza akaacha kumenya. Akasema hajui kama hilo ni swali ambalo wanawake huulizwa. Hata mimi sikuwahi kuulizwa.

Jua lilipoanza kushuka Frednand alirudi kutoka shambani. Aliponiona nimekaa kwenye kigoda kifupi alikwenda ndani akaniletea kiti chenye mgongo, kisha akaketi chini yeye mwenyewe. Kijana mpole, mrefu, miguu mirefu kupita kiasi. Sisi bibi tuna ruhusa ya kuwatania waume wa wajukuu zetu, nami niliitumia ruhusa yangu yote. Nikamwita mume wangu. Nikamwambia kwa kuwa nasikia mke mdogo amemshinda, mke mkubwa amekuja kuona tatizo liko wapi. Akainamisha kichwa akicheka. Ildefonsa na Kaneza walikuwa pale pale uani, wanapepeta maharage.

“Mume wangu,” nikasema, “unajua huyu mwenzangu anaamka saa ngapi?”

“Najua, Bibi. Naamka naye.”

Ungo wa Kaneza ulisimama.

“Namsikia anaanza kuteleza,” Frednand akaendelea, “basi nakunja miguu, naileta mpaka kidevuni, ili apite vizuri. Hajawahi kunigusa hata kidole.” Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyeezeka kanisa.

“Mimi nilidhani unajikunja kwa baridi,” Kaneza akasema.

“Baridi gani? Nilikuwa nakupisha.”

“Kwa hiyo uko macho.”

“Niko macho.”

“Unanisikia napapasa kutafuta dumu.”

Frednand akamtazama mama yake. Ildefonsa akakohoa, akaanza kumjibia mwanawe, kwamba mwanamume akionekana bombani na dumu watu watasema mkewe amemlisha dawa. Alizungumza kwa upole, na nilijua alikuwa anaona haya kwa ajili ya mwanawe kuliko kumtetea. Nikamngoja amalize. Kisha nikamuuliza, kwa kuwa sote wawili ni wajane, tangu baba yake Frednand aondoke yeye analala upande gani wa kitanda.

Ildefonsa aliangalia maharage. Midomo yake ilianza kucheza.

“Katikati, mama,” akasema. “Mkono mmoja huku, mmoja kule.”

“Na usingizi?”

“Mungu anisamehe. Mzuri sana.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana hata mimi nalala hivyohivyo. Ildefonsa alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Frednand alitutazama kama hajawahi kutuona. Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba mama yake alilala mahali fulani, na kwamba mahali penyewe palikuwa finyu.

Kaneza hakucheka. Aliweka ungo chini.

“Frednand, mimi sikukatai,” akasema. “Nimechoka. Ukinigeuza kutoka ukutani unakuta mzigo wa kuni. Na hujawahi kuniuliza mimi nataka lini.”

Kuku alipita katikati yetu. Frednand alikunja miguu kumpisha, mazoea hayo.

“Unataka lini?” akauliza.

“Mbele ya Bibi?”

Nikasema masikio yangu yameziba siku nyingi. Ildefonsa akasimama ghafla akasema anakwenda kufungia kuku, na kuku aliyekuwa bado nje ni huyo mmoja tu, wengine alishawafungia mwenyewe. Kaneza akamwinamia mumewe akamnong'oneza kitu. Sikusikia, na hapo kweli nilitamani kusikia. Nilichoona ni shingo ya kijana ikitoka jasho.

Akainuka, akaingia ndani. Tukasikia chaga zinagongana na miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Nimekitoa ukutani,” akasema. “Kila mtu ana upande wake wa kushukia.”

Ildefonsa, akiwa na kuku mkononi, alishtuka. Akasema kitanda katikati ya chumba ni cha maiti.

“Maiti haendi bombani, mama,” Frednand akajibu.

Alfajiri iliyofuata kitanda kililia mara moja tu, na nikasikia baiskeli ikitolewa, madumu yakigongana. Frednand alirudi amelowa mpaka magotini. Wanawake wa bombani walikuwa wamemuuliza mkewe amempikia nini cha ajabu, akawajibu ni ugali wa muhogo, na baadaye nikasikia wameenda kuujaribu kwa waume zao. Kaneza alikuwa bado amelala. Alipoamka jua limetoka, aliingiwa na hofu kama mtu aliyechelewa mazishi, kisha akakumbuka, akakaa mlangoni akinywa uji wa moto ambao mama mkwe wake alimpelekea.

Sitaki kusema mambo yote yalinyooka. Jumapili Frednand alijisahau akalala. Kaneza alishuka kwa upande wake, akachukua dumu tupu akaliweka mlangoni mahali mumewe atakapojikwaa, akarudi kulala. Akajikwaa kweli, nyumba nzima ikaamka. Lakini kuna asubuhi nyingine kitanda kilianza kulia baada ya maji kufika nyumbani, na hakikunyamaza haraka. Nikafunika masikio kwa blanketi, na safari hii sikukosea.

Siku ya kuondoka niliziona zile nguo zilizofungwa. Zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, zinapigwa na upepo. Kaneza hakuniambia kwamba anabaki, nami sikumuuliza. Alinifungia maharage, akanikumbatia kwa muda mrefu, akasema nimsalimie kila mtu Nyakisasa.

Ildefonsa ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Alikataa nibebe hata mfuko mdogo. Tulisimama tukingoja gari, akawa anasafisha koo kama mtu mwenye neno gumu. Gari lilipotokea kwa mbali ndipo aliposema.

“Urudi, mama. Usikae sana. Na ukija usilale tena kile chumba cha wageni, ulale kwangu, nitakuachia upande wowote utakaoutaka.”